Niliyoyasikia Kwenye Hedfoni Pale Matema

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa chombo chochote. Mkuu wa Kitengo cha Sauti katika shirika la filamu la serikali, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipeleka kwenye chumba kitupu mwishoni mwa korido, akaweka maikrofoni juu ya kiti, akawasha mashine ya kurekodi na kuniambia nikae humo nusu saa bila kufanya lolote. Kisha akafunga mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Mwaya, wilayani Kyela, kwa wazazi wakulima wa mpunga, na Dar es Salaam nilikuwa na miezi mitatu tu. Nilidhani nimeadhibiwa.

Aliporudi alirudisha mkanda nyuma, akavaa hedfoni na kusikiliza huku amefumba macho. Alichukua muda mrefu. Alipozivua aliniuliza yule mwingine niliyekuwa naye chumbani ni nani. Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Akasema hapana, humu wanapumua watu wawili, mmoja karibu na mashine na mwingine upande wa dirisha, na yule wa dirishani ana kifua kibovu. Tukazunguka nyuma ya jengo, tukamkuta mlinzi ameketi chini ameegemea ukuta, chini kabisa ya lile dirisha, anasinzia na kukohoa kidogo kidogo.

"Umekaa naye nusu saa nzima na hukumjua," Mkuu alisema. "Mashine ilimjua. Ndiyo maana sikukupa chombo leo."

Kile nilichokirekodi tulikiita kimya cha mahali. Kila chumba, kila shamba, kila ufuko una kimya chake, na mhariri wa filamu hukihitaji ili kuziba mapengo kati ya maneno. Ukiziba pengo kwa kimya cha mahali pengine, mtazamaji atashtuka bila kujua kilichomshtua. Nilirekodi vimya kwa miaka minane chini ya Mkuu yule, na mpaka leo sijawahi kukutana na viwili vinavyofanana.

Vyombo vya wakati ule vilikuwa vizito. Maikrofoni kubwa ilifungwa kwenye bumu, yaani ufito mrefu wa alumini ambao mtu huushikilia juu ya vichwa vya wanaozungumza, nje kidogo ya picha, mpaka mabega yanawaka moto. Kwa mtu aliyekaa kwenye mahojiano tulikuwa na maikrofoni ya kuning'iniza shingoni, nene kama gunzi la hindi, na waya wake ulipita ndani ya shati, ukatokea kiunoni, ukatambaa sakafuni hadi kwenye mashine. Mgeni akijisahau akainuka kuaga, anaondoka na mashine yetu. Tulimkimbilia Katibu Tarafa mmoja hivyo hivyo, nusura aanguke.

Kisha vitu vikaanza kupungua ukubwa. Viwandani huko walikuwa wamegundua namna ya kufungia chaji ya umeme ndani ya ngozi nyembamba ya plastiki, ikakaa humo miaka, kwa hiyo maikrofoni haikuhitaji tena tumbo kubwa la vifaa. Kichwa chake kikawa kama mbegu ya kakao. Baada ya miaka michache kikawa kama punje ya mpunga. Waya nao ukaondoka. Mahali pake ikaja transmita, kisanduku kinachofungwa kiunoni na kurusha sauti kwa mawimbi ya redio, na risiva, ambayo hukaa kwa fundi na kuyapokea. Transmita ya kwanza niliyoishika ilikuwa kama nusu mche wa sabuni ya kufulia. Ya mwisho ilitoshana na kiberiti.

Hapo ndipo mwanamke alipohitajika kwenye kazi ile. Maikrofoni ilipokuwa kubwa ilikaa nje ya nguo, na fundi yeyote aliweza kuifunga. Ilipokuwa ndogo iliingia chini ya kanga na gauni, ikabandikwa kifuani kwa plasta, na mafundi wanaume walianza kutazamana. Mkuu akaniita mimi, mwanamke wa kitengo, na kuniambia kuwa kuanzia siku hiyo nitakuwa fundi kamili, si mshika bumu tena.

Nilichogundua haraka ni kwamba anayeburuta waya hujua amefungwa, lakini mwenye punje ya mpunga kifuani husahau baada ya dakika tano. Anakwenda zake, na wewe uliyekaa kivulini mita mia kutoka kwake unabaki ndani ya kifua chake. Unasikia mate yakimezwa. Unasikia moyo. Mwalimu mkuu mmoja wa Bujonde alitueleza mbele ya kamera kwamba shule yake haina tatizo, akatushukuru, akazunguka nyuma ya darasa na kulia kwa sauti ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. Nilizima risiva. Ndivyo Mkuu alivyotufundisha, mtu akitoka kwenye picha umzime.

Zilipoanza enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilihamishiwa kanda ya Mbeya. Afisa wa Kanda alikuwa mtu wa nidhamu aliyevaa tai hata shambani, na chini yake tulitengeneza filamu za kilimo na afya zilizooneshwa vijijini kwa gari la sinema. Maduka ya Kyela yalikuwa yanajaa kila kitu, redio, mitumba, betri, vingine vikivuka mto Songwe kwa wafanyabiashara wenye shangazi na wajomba Malawi. Ofisini kwetu, kinyume chake, mikanda ilikuwa inakwisha. Mkuu alistaafu. Katika kuaga alinipa antena aliyoitengeneza kwa mikono yake, ya vijiti vya alumini vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Antena ya kawaida husikia pande zote. Ile ilisikia zaidi upande inaoelekezwa, na ukiizungusha, mshale wa risiva unaoonyesha nguvu ya mawimbi hupanda na kushuka. Haukupita mwaka nikapunguzwa kazini pamoja na wengine wengi, na kampuni za watu binafsi zikaanza kuniita kwa kazi moja moja.

Mojawapo ya kazi hizo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Ilikuwa filamu fupi ya wafinyanzi wa Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya maji ya ziwa na Milima ya Livingstone. Vyungu vyao huja soko la Matema kwa mtumbwi. Mtayarishaji, aliyekuwa mwenye kampuni na mwenye neno la mwisho, alikuwa mtu mchangamfu, mwepesi wa kusifia watu, na hakupenda kuambiwa subiri. Alinichukua mimi kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkisi, na Kikisi nilikijua.

Mfinyanzi aliyechaguliwa alikuwa Bibi Sekela, mjane aliyepita miaka sitini, mwembamba, mwenye vidole virefu. Nilimsalimu kwa Kinyakyusa cha kwetu, "Ugonile, juba," yaani umeamkaje mama, naye akacheka kusikia mtu wa mashine anasalimia hivyo. Alikuwa na mwanawe, Lugano, mvuvi wa miaka thelathini na kitu, asiye na maneno mengi. Siku ya pili Lugano mwenyewe alinieleza kwamba Bibi Sekela hakumzaa. Aliyemzaa alikuwa mke mwenza, jina lake Tumpe, aliyezama ziwani wakati Lugano ni mtoto mdogo. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayekuonyesha mpaka wa shamba lake, akaendelea kushona wavu.

Picha ya siku ya tatu ilikuwa ya Bibi Sekela akiwasili Matema na vyungu. Kwa desturi wafinyanzi huja mitumbwi mitatu minne pamoja, lakini Mtayarishaji alitaka mtumbwi mmoja tu kwenye maji yale mapana. Wengine waliambiwa wakae ufukweni. Nikambandika Bibi Sekela maikrofoni chini ya kanga, nikaizungushia transmita mfuko wa plastiki, nikaweka betri mpya. Alitoka hadi usawa wa rasi, akageuka, akaja. Sauti ilikuwa safi, kasia, matone, pumzi. Mpiga picha akasema mwanga haukumfaa. Akarudia. Mara ya pili watoto waliingia kwenye picha. Alipoambiwa arudie mara ya tatu alikataa. Alisema jua limeshafika mahali ambapo upepo hushuka milimani, na kusini mwa ziwa kunafuka.

Nilitazama kusini nikaona kweli kama moshi. Ni visubi wa ziwani, wadudu wadogo wasiouma, ambao huinuka kutoka majini kwa wingi usiohesabika na kwenda kama wingu. Nilimfasiria Mtayarishaji. Akanisogeza pembeni, akasema kwa upole kwamba mama huyu ananisikiliza mimi, nimwombe mara moja tu ya mwisho.

Nikamwomba. Nilimwita juba, nikamtajia jina la bibi yangu, nikasema hatutachelewa. Sikuwa na sababu yoyote zaidi ya kutaka kuitwa tena na kampuni ile.

"Kwa kuwa umesema wewe, mwanangu," alijibu, akasukuma mtumbwi.

Betri niliyokuwa nimeweka asubuhi ilitoka kwenye akiba yangu ya zamani ya betri halisi. Kwa safari hii ya tatu nilibadilisha, nikaweka niliyoinunua sokoni Kyela. Ganda lake lilikuwa sawasawa na la betri halisi.

Alikuwa amefika usawa wa rasi wingu lilipomfikia. Lilikuja bila mlio, likiwa jeusi chini na kahawia juu, likamfunika yeye na maji na mlima nyuma yake. Kwenye hedfoni nilisikia akikohoa na kutema wadudu. Nikasikia upepo ukikwaruza kwenye kanga. Kisha nikasikia kishindo cha mti kugonga mti, maji, na neno moja tu, alilolisema polepole kama anayetaja kitu kilichomponyoka mezani. "Kasia."

Nikapaza sauti kwamba amepoteza kasia. Mtayarishaji akakimbilia boti ya injini tuliyokuwa tumeikodi. Injini ilipowaka hedfoni zilijaa mikwaruzo, maana cheche za injini huingia kwenye mawimbi ya risiva, na Bibi Sekela akatoweka masikioni mwangu. Nilimwambia azime, niitumie antena kumtafuta upande aliko. Akasema hana muda wa kusikiliza redio mtu akifa, akaondoka moja kwa moja kuelekea rasi, mahali tulipomwona mara ya mwisho.

Ngurumo ya injini ilipokwenda mbali sauti yake ilirudi. Nilizungusha ile mifupa ya samaki taratibu. Upande wa rasi mshale ulilala. Upande wa magharibi, kwenye maji matupu, ulisimama. Upepo wa mlimani ulikuwa umeshampeleka huko. Lugano, aliyekuwa ufukweni na wengine, alikuwa ameshaingiza mtumbwi wake majini bila kuuliza kitu. Nikapanda, mashine ya kurekodi mapajani, maana hedfoni zilipata sauti kupitia mashine, risiva shingoni, antena mkono wa kushoto. Mkanda ulikuwa unazunguka. Sikuuzima.

Kilichofuata nimejaribu mara nyingi kukieleza na watu hudhani nakuza. Tuliingia ndani ya wingu. Hatukuona hata ncha ya mtumbwi wetu. Visubi walijaa puani, kwenye kope, na walitoa mlio mdogo mno kama nyama inayokaangwa nyumba ya tatu. Lugano alipiga kasia nilipomwonyesha kwa mkono. Na ndani ya kichwa changu, karibu kuliko mtu yeyote anavyoweza kukukaribia, Bibi Sekela alikuwa anazungumza na mtu.

Hakupiga kelele. Alisema kwa Kikisi, kwa sauti ya mazungumzo ya jikoni, kwamba asisogee zaidi, mtumbwi utazama. Akanyamaza kwa muda unaotosha mtu kujibu. Akasema, "Najua ni wewe. Tangu rasi najua." Akanyamaza tena. Nilisikia moyo wake, haukuwa unakimbia. Kisha akasema, "Unacheka nini, Tumpe?"

Nilitazama mgongo wa Lugano, ulivyoinama na kunyooka. Hakuweza kusikia. Hedfoni zilikuwa jozi moja tu, na zilikuwa masikioni mwangu.

"Sikukupa kasia," Bibi Sekela alisema. "Ulinyoosha mkono, nikakutazama. Nilikutazama mpaka mwisho. Hilo sijamwambia mtu." Maji yaligonga ubao. "Mtoto nimekulelea. Lugano amekua. Umemwona?"

Lugano aligeuka. "Dada, mama anasema nini?"

"Anataja jina lako," nilimwambia. Haukuwa uongo. Lakini aliniangalia usoni muda mrefu kuliko jibu lenyewe, ndipo akarudi kwenye kasia.

Sauti ilianza kufifia. Si kwa umbali, maana tulikuwa tunakaribia; ilikuwa betri. Ilikuwa inakufa kabla ya saa moja kwisha. Kila neno lilizingirwa na mvumo kama mvua juu ya bati, na Bibi Sekela alikuwa anaanza kunyamaza vipindi virefu. Nilijua akinyamaza nitampoteza. Nikajikuta nanong'ona, midomo haijafunguka vizuri, kwa Kikisi cha bibi yangu: "Endelea kusema, juba. Tunakuja."

"Ee," alijibu. "Naendelea."

Maikrofoni ile ilileta sauti kwangu. Hapakuwa na chombo chochote duniani, siku ile, kilichoweza kupeleka sauti yangu kwake.

Akaanza kueleza namna ya kufinyanga chungu. Udongo unauchimba wapi, unaukanyaga mpaka unyamaze chini ya mguu, unaondoa vijiwe, unaanza na mdomo wa chungu. Alieleza pole pole kama kwa mwanafunzi, na mvumo ukawa unapanda, unapanda, mpaka maneno yakamezwa. Mshale ukaanguka. Betri ilikuwa imekwisha. Nilikaa na mvumo mtupu masikioni, nikamwambia Lugano aache kupiga kasia.

Nikavua hedfoni. Na mbele yetu, ndani ya wingu, si mbali, kwa masikio yangu mwenyewe, nikasikia, "... halafu unakisugua kwa jiwe la mtoni."

Mtumbwi wake ulikuwa umeingia maji. Alikuwa amejibana nyuma kabisa, vyungu vyote amevihamishia kwake, baadhi amevipakata. Mbele palikuwa patupu. Nasema nilichokiona, na Lugano alikiona pia: ijapokuwa yeye na vyungu vyote walikuwa nyuma, pua ya mtumbwi ndiyo iliyokuwa imelala chini majini. Tulipomvuta kuingia kwetu, ile pua iliinuka taratibu. Labda ni maji ya ndani yaliyohama. Mtumbwi hufanya hivyo.

Ufukweni walimfunika kanga kavu na kumpa chai. Mtayarishaji alirudi, akamshika mikono, akalia kwa kweli. Mimi nilibaki kubandua plasta. Nilipokuwa nimeinama kifuani kwake, Bibi Sekela aliniuliza kwa sauti ndogo kama nilikuwa namsikia. Nikamwambia nilisikia maji tu, na upepo.

"Mbona ulinijibu?" aliuliza.

Nikaendelea kubandua plasta. Akaniambia, "Ndaga fijo," asante sana, akageuza uso kuelekea ziwa.

Asubuhi yake niliusikiliza mkanda peke yangu. Maneno yote yalikuwapo. Mahali niliponong'ona palikuwa na pengo, kwa kuwa sauti yangu haikuwa na njia ya kuingia kwenye mashine, na baada ya pengo, waziwazi, "Ee. Naendelea." Nilirudia mara moja, sikuthubutu mara ya pili.

Mtayarishaji alikuja kuniuliza kuna nini ndani yake. Nikasema bibi alikuwa anasali. Akafurahi. Alisema sauti ya mwanamke anayesali peke yake ziwani ndiyo itakayoifanya filamu, na kwamba nisijisumbue kufasiri, Dar es Salaam atampata Mkisi wa kumwandikia neno kwa neno. Hakuwa na nia mbaya. Aliona filamu, basi.

Mchana ule nilifanya jambo ambalo fundi sauti hafanyi. Nilirudisha mkanda mwanzo, nikaelekeza maikrofoni ziwani, nikarekodi kimya cha ufuko wa Matema juu ya sauti ya Bibi Sekela mpaka ikaisha. Nilimwambia Mtayarishaji kwamba mkanda uliingia maji. Alinitazama kwa huzuni, akalipia siku zangu, na hakuniita tena. Wala wenzake hawakuniita kwa muda mrefu.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa kumlinda mama yule. Nilimlinda kweli. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Kila nilipopita Matema nilisikia "nikakutazama mpaka mwisho." Alinitumia salamu na chungu kidogo cha mboga kupitia watu wa soko; salamu nilizipokea, chungu nikampa jirani. Alipofariki, Lugano alinitumia habari nami niko Ngonga, mwendo wa saa chache. Sikwenda. Nilisema nina kazi.

Kazi iliendelea kwa njia nyingine. Vituo vya televisheni vya watu binafsi vilifunguliwa, nikafundisha vijana kuvaa hedfoni, mikanda ikafa, ikaja kadi ndogo kama ukucha. Transmita za siku hizi hazipotezi sauti kidogo kidogo. Hukata ghafla, na fundi hapati onyo. Maikrofoni zimekuwa ndogo kama ufuta. Nilistaafu nikarudi Mwaya kwenye kakao za baba. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi hutaka kujua majina ya mashine. Huwaambia, kisha huwaambia pia wajifunze kuzima. Wengine huandika, wengine hutabasamu.

Msimu uliopita Lugano alikuja. Ni mzee sasa, ameota mvi. Alinikuta naanika kakao, akanisaidia kugeuza, tukazungumza habari za bei na mvua. Ndipo akasema alikuwa ananidai neno moja. Siku ile kwenye wingu nilimwambia mama anataja jina lake, lakini uso wangu haukuwa uso wa mtu anayesikia jina. Mama amekwisha kufa, alisema, hakuna atakayeumia.

Nilimwambia. Nilimwambia yote kwa Kikisi, kama alivyoyasema, pamoja na kasia, pamoja na mkono ulionyooshwa. Sikumtazama. Nilipomaliza alikuwa ameshika mbegu za kakao kiganjani, hazigeuzi.

"Mimi nilikuwa ndani ya mtumbwi ule," alisema.

Alikuwa na miaka sita. Wimbi liliwapiga ubavuni, Tumpe akatoka nje, na mtumbwi ukajaa maji hadi kwapani mwa Lugano. Bibi Sekela alimshika yeye Lugano kwa mikono yote miwili, akambana kifuani hata akashindwa kupumua, na kasia lilikuwa chini ya miguu yao. Kulichukua kulihitaji amwachie mkono mmoja. Alikumbuka mkono wa mama yake majini. Alikumbuka pia kwamba mikono iliyomshika haikulegea, na kwamba juu ya kichwa chake Bibi Sekela hakufumba macho wala hakugeuza uso. Alimtazama Tumpe ili asizame peke yake. Hayo Lugano aliyajua maisha yake yote. Hakuwahi kumwambia mama kwamba anayajua, akidhani na mama anayaona hivyo hivyo, bila kujilaumu.

Nilimwomba anipeleke Ikombe. Tulikwenda wiki ile ile, kwa njia ya mguu kando ya mlima, nikipumzika kila baada ya hatua chache. Kaburi liko juu kidogo ya tanuru la wafinyanzi, na moshi wa nyasi ulikuwa unapita. Nilipiga magoti na kuanza kumwambia Bibi Sekela nililokuwa nimelibeba juu yake miaka yote ile. Lugano, bila kuombwa, alishuka zake taratibu hadi kwenye maji, mahali ambapo sauti ya mtu haifiki, akasimama huko akinisubiri.